Antena Alizohamisha Mjomba Issa

Kibokoni,
Mombasa.

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umekaa, goti limekupumzisha na moshi wa kukaangia dagaa haujakuharibu macho. Baba hajambo? Kile kifua chake kimetulia? Na Mashaka, bado anagombana na hesabu za shule au wameshapatana? Mimi mwili wangu hauna neno. Nakula, nalala, nafanya kazi. Kinachochemka ni roho, na leo sitaifunika.

Ujumbe wako wa sauti niliupata. Nimeusikiliza mpaka nimeukariri: "Zaituni mwanangu, nenda kwa mjomba wako ukapige magoti. Mjomba ni mama mwingine." Nimeamua kukuandikia kwenye karatasi kwa sababu kwenye simu utalia, na wewe ukilia mimi hunyamaza, na safari hii sitaki kunyamaza. Jirani anayesafiri kuja Kigoma ndiye atakayekuletea. Nakusihi usome mpaka mwisho ndipo unihukumu.

Sitakwenda kupiga magoti, Mama. Nakuambia mapema ili usisome ukitumaini.

Mjomba Issa amekusimulia kwamba nilimvunjia heshima mbele za watu, nyumbani kwa mgonjwa. Ni kweli, nilimwambia maneno mbele za watu. Ila hakukusimulia mgonjwa yule ni nani, wala kwa nini aliugua peke yake mpaka adhuhuri. Ndugu yako amekukatia kipande cha habari akakupa mkia. Mimi nitakupa kichwa.

Unajua kazi aliyoniitia huku ilikuwa ya mitandao. Wakazi wa Mji wa Kale walipata mfadhili, wakataka mtandao wao wenyewe, usiotegemea nguzo za kampuni za simu. Huku umeme wanauita stima, na stima ikikatika muda mrefu, minara ya simu nayo huzimika, na mitaa yote hii ikabaki bubu. Wazee wengi wanaishi peke yao kwenye majumba makubwa, watoto wao wako Uarabuni na Ulaya. Kwa hiyo walitaka kila mzee awe na kengele ukutani karibu na kitanda. Akibonyeza, zahanati ya mtaa isikie, hata kama stima hakuna na simu hazishiki.

Mjomba alipata kandarasi, na kuchora mtandao akaniachia mimi. Nilichora kwa moyo wangu wote, Mama. Nyumba za huku zimejengwa kwa matumbawe, kuta nene kama za ngome, mawimbi hayapiti. Njia pekee ni juu, kutoka dari hadi dari, maana huku dari ni paa bapa unaloweza kusimama juu yake. Nikachagua antena za kuelekeza. Hizi si kama taa ya chemli inayomwaga mwanga chumba kizima. Ni kama tochi, zinaona pale tu ulipozielekeza. Mbili zikitazamana vizuri, zinaongea juu ya vichwa vya watu wote bila kusumbuliwa na kelele za mitambo mingine. Lakini tochi ikizibwa au ikizimika, basi. Ndiyo maana kila nyumba niliipa tochi mbili, zinazotazama nyumba mbili tofauti. Kila nilipoweka alama kwenye mchoro nilijiuliza: nyumba hii ikifa, nani atakosa njia? Sikuinua kalamu mpaka jibu likawa hakuna. Huo ndio ulikuwa mtandao wenyewe, Mama. Ile njia ya pili haikuwa pambo.

Na Mjomba aliujua ukweli huo. Nataka nimtendee haki, maana yeye hakunitendea. Alipanda ngazi mwenyewe na nguzo begani, na kiuno chake kile kibovu. Mimi nilisimama dari moja nikiizungusha antena kwa vidole, yeye dari ya pili ananipigia kelele: "Kushoto kidogo! Umepita, rudi! Hapo hapo, kaza!" Tulicheka siku zile. Nikikuambia nilimpenda ndugu yako, amini.

Nguzo moja tuliisimika kwenye nyumba ya Bi Shamsa, hapa Kibokoni. Ni mjane, mumewe alikuwa na duka la leso Biashara Street. Alitupa dari yake bure. Nilipokuwa nafunga nyaya alikuwa anapanda polepole na birika, ananiita kwa Kimvita chake, ambamo njoo ni "ndoo":

"Mwanangu, ndoo unywe kahawa kwanza. Hivyo vyuma havina njaa."

Nilipomaliza kumfungia kengele yake, aliigusa kwa kidole, akaniuliza kama kweli itasikika.

"Itasikika, Bi Shamsa."

"Hata stima ikenda?"

"Hata stima ikienda. Kila dari ina betri na paneli ya jua. Na njia moja ikiharibika, ujumbe wako utapita njia ya pili."

"Basi alhamdulillahi," akasema. "Mimi huyu nalala peke yangu. Nilikuwa nikiogopa kuanguka ndani ya nyumba hino, mtu asijue mpaka ninuke."

Nilimpa neno langu. Likumbuke hilo Mjomba akikutajia heshima.

Mtandao ulikwenda vizuri muda mrefu. Halafu ikaja hoteli. Iko upande wa Ndia Kuu, nyumba ya kale iliyofanyiwa ukarabati, na juu kuna mkahawa wa wageni. Mwenyewe alitaka mtandao wa kasi, kwa haraka. Mjomba hakuwa na antena za akiba. Unajua alizitoa wapi? Alipanda kwenye dari za watu, dari ya Bi Shamsa ikiwamo, akafungua zile antena za njia ya pili, akazielekeza hotelini. Kisha mitambo ya hoteli akaipachika kwenye betri ya dari moja ya duka pale Ndia Kuu, dari ile ile ambayo sasa Kibokoni nzima ilikuwa inaning'inia kwayo. Kamati ya wakazi hakuiambia. Mimi hakuniambia.

Niligundua nilipopanda kwa Bi Shamsa kufagia vumbi kwenye paneli. Naona mkono wa nguzo uko mtupu, skrubu zimelala sakafuni. Nilishuka, nikaenda ofisini kwake bila hata kunawa.

"Mjomba, antena ya pili ya Bi Shamsa iko wapi?"

"Iko kazini," akasema, macho kwenye simu. "Pale ilikuwa imekaa tu."

"Haikukaa tu. Ilikuwa inangoja."

"Inangoja nini? Mtandao unafanya kazi, haufanyi?"

"Leo unafanya."

Akacheka, Mama. "Zaituni, mchoro wako ni wa kitabuni. Huku mtaani kitu kisichotumika ni hasara. Msimu wa wageni ukiisha nitazirudisha." Nikamwambia aiambie kamati. Akasema ataiambia. Nikamwambia nitaiambia mimi. Hapo akabadilika sauti, akaniuliza nani aliyenitoa Ujiji. Kesho yake alinituma Malindi kufunga mitambo kwenye shule, akaniahidi kwamba nikirudi nitakuta antena ziko mahali pake. Aliapa. Aliapa kwa jina la bibi, mama yenu, nami nikamwamini, kamati nikaiacha.

Nikiwa Malindi mvua kubwa ilishuka Mombasa. Jua halikuonekana, paneli hazikupata kitu. Stima ikakatika kisiwa karibu kizima, na kulipokucha bado haijarudi, minara ya simu ikaanza kuzimika mmoja mmoja. Siku ambayo mtandao ule ulijengwa kwa ajili yake, ndiyo hiyo. Na asubuhi hiyo betri ya Ndia Kuu, iliyobeba mtaa wetu na hoteli yao, ikakata roho. Kwenye mchoro wangu, dari ile ikifa, Kibokoni wasingejua kama kuna kilichotokea. Ujumbe ungezunguka nyuma, kupitia dari ya madrasa, ukafika zahanati. Lakini nyuma hakukuwa na kitu. Nyuma kulikuwa na mikono mitupu ya nguzo.

Bi Shamsa alishikwa na kiharusi akitoka kitandani. Upande wa kulia ukafa. Akajikokota kwa mkono wa kushoto mpaka ukutani, akabonyeza kengele.

Jirani yake wa ukuta mmoja ndiye aliyemkuta, alipompelekea chakula cha mchana. Alikuwa chini, amejiegemeza ukutani, mkono uko juu bado unatafuta. Mama, niliiona ile kengele niliporudi. Plastiki yake imepasuka. Mwanamke mzee, nusu ya mwili imemkimbia, alibonyeza mpaka plastiki ikapasuka.

Na zahanati iko wapi? Vichochoro viwili tu. Muuguzi wa pale anaitwa Sista Wakesho, Mtaita, mtu wa kanisa na mtu wa vitendo. Alinishika mabega yote mawili siku niliyorudi, akanitikisa.

"Nilikuwepo, Zaituni! Nilikuwa nimekaa pale pale! Sikuwa na mgonjwa hata mmoja, mvua imewafungia watu majumbani. Nilikuwa nakunywa chai! Kengele ingelia ningekimbia na viatu mkononi. Daktari wa hospitali ameniambia, angefika mapema angepewa dawa. Mapema, anasema. Mimi nilikuwa nakunywa chai!"

Nilitaka kuvunja kitu, sikujua kipi.

Sasa nifike kwenye yale uliyosimuliwa. Bi Shamsa aliporudishwa nyumbani kutoka hospitali, watu walijaa kumjulia hali. Amelazwa sebuleni, mdomo umepinda upande, maneno yanatoka yamesagika. Anaelewa kila kitu, Mama, hilo ndilo baya zaidi. Anaelewa kila kitu na hawezi kulisema. Mjomba Issa akaingia na kikapu cha matunda. Kanzu nyeupe, manukato. Akakaa karibu na kitanda, akatikisa kichwa, akawaambia wageni:

"Ni kudra ya Mwenyezi Mungu. Mwanadamu hana ujanja. Na stima za nchi hii mwazijua wenyewe."

Watu wakaitikia. Mwalimu Athmani, mzee mstaafu anayeongoza kamati ya wakazi, naye akaitikia, kwa sababu hakuna aliyemwambia. Mimi nilikuwa mlangoni na sinia ya vikombe. Nikaiweka chini.

"Mjomba, usimsingizie Mungu. Antena ya pili ya nyumba hii uliifungua wewe ukaipeleka hotelini. Kama ingekuwepo, kengele ingelia."

Mjomba akageuza shingo polepole.

"Zaituni, unazungumza na mimi?"

"Nazungumza na wewe."

"Mimi niliyekutoa Ujiji, nikakulaza nyumbani kwangu, nikakupa kazi?"

"Ndiyo, wewe. Panda juu na Mwalimu uwaonyeshe watu hiyo nguzo."

Hakupanda. Mwalimu Athmani alipanda, na goti lake, na wanaume wawili. Waliposhuka, Mwalimu hakumtazama Mjomba. Alimwendea Bi Shamsa, akainama, akamwambia, "Tuwie radhi, dada. Tulikabidhi roho zenu bila kuangalia." Mjomba akaondoka. Kikapu chake cha matunda kikatolewa nje nyuma yake, akapewa mkononi kama mtu aliyesahau mzigo.

Nilipofika nyumbani kwa Mjomba, Ganjoni, jioni ile, sanduku langu lilikuwa kwenye ngazi za ghorofa, nguo zangu za ndani zimetandazwa juu yake, majirani wanapita. Hilo alikuambia? Nadhani alikuambia nimehama kwa kiburi. Na sasa anazunguka kwa kila mwenye kampuni ya mitandao Mombasa kuwaambia kwamba mimi ni mwizi wa siri za kazi. Siri gani? Kwamba mtu akiwa na njia moja, na njia ikafa, amekwisha? Hiyo siri anaijua hata panya.

Ninakaa kwa Bi Shamsa, chumba cha juu. Sista Wakesho ndiye aliyenishauri, maana mgonjwa anahitaji mtu wa kumgeuza na kumlisha, na mimi nahitaji pa kulaza kichwa. Usilie kwa hilo. Hii ndiyo nyumba iliyonipa kahawa kabla sijaiomba.

Antena tulizirudisha, lakini si kwa hisani ya mtu. Kamati ilimwita Mjomba mara kwa mara, akawa anajibu kwamba yuko safarini. Mwalimu Athmani akaenda hotelini. Mwenye hoteli akamwambia, "Mimi nilinunua huduma. Sikuuliza imetoka wapi." Eti hakuuliza! Basi wanawake wa Kibokoni wakajifunga mabuibui yao, wakaenda wakati wa chakula cha mchana, wakakaa kwenye kila meza ya ule mkahawa wa juu. Wakaagiza maji. Maji tu. Wageni wanafika, wanatazama, wanashuka. Jirani wa Bi Shamsa, yule aliyemkuta chini, akamwita mwenye hoteli kwa upole kabisa: "Baba, tumekuja kungojea vyuma vyetu. Hatuna haraka. Na kesho tutakuya na watoto." Kabla ya alasiri antena zilikuwa kwenye kikapu, zimefungwa kwa gazeti.

Nikazifunga mwenyewe. Safari hii hapakuwa na mtu wa kunipigia kelele kutoka dari ya pili, mpaka Sista Wakesho akajitolea baada ya zamu yake. Hajui kushoto wala kulia anapokuwa juu, anaogopa kimo, lakini alishikilia nguzo kwa mikono yote miwili na kunisomea namba za nguvu ya mawimbi huku anasali.

Kisha nikaiambia kamati: msiniamini. Mmeshaamini mtu mara moja. Njooni tuujaribu. Nikapanda dari ya Ndia Kuu, mbele ya Mwalimu Athmani na yeyote aliyetaka kuona, nikang'oa waya wa betri. Dari ile ikafa kama ilivyokufa siku ile. Nikamtuma mtu akimbie kwa Bi Shamsa kumwambia abonyeze.

Nilifika nyumbani nikihema. Sista Wakesho alikuwa ameshafika kabla yangu, na alijua ni jaribio, lakini alikuja mbio, kiatu kimoja kimembakia njiani. Alikuwa amepiga magoti kando ya kitanda, anasema, "Imelia, Bi Shamsa. Imelia, nimeisikia." Bi Shamsa akamtazama. Halafu akabonyeza tena kwa ule mkono wa kushoto. Akabonyeza tena. Akabonyeza tena, machozi yanamtoka jicho moja, na zahanati kule kengele inalia bila mtu. Hakuna aliyemzuia. Mwalimu Athmani aliingia, akaona, akatoka nje kusimama kichochoroni akiwa amewapa watu mgongo.

Hayo ndiyo yaliyotokea, Mama. Kamati imenipa kazi ya kuutunza mtandao. Si kazi ya kunitajirisha, lakini ni kazi, na nimeweka sharti moja, kwamba kila mwezi tutachagua dari moja tuizime makusudi, watu wakiona. Wengine wananung'unika. Wanung'unike.

Umeniuliza kwenye ujumbe kama sioni haya kumkosesha mjomba wangu usingizi. Naona haya kwa mambo mengi. Hilo halimo. Kama kweli hapati usingizi, mwambie huku kuna mtu anayelala upande mmoja tu kwa sababu upande wa pili hausikii godoro.

Nisalimie baba, umwambie asinikasirikie kabla hujamsomea yote. Nisalimie Mashaka, na ahakikishe anamaliza shule. Msalimie mama mkubwa wa Gungu na wanawe. Yule fundi charahani jirani mwambie nguo aliyonishonea ndiyo ninayoivaa Ijumaa. Bi Shamsa nilimwambia nakuandikia, akajitahidi kusema neno. Lilichukua muda, lakini nililipata: alisema "mama". Nadhani ni salamu zako.

Nimesikia Mjomba anakuja Ujiji kwa Idi. Ni ndugu yako, mpikie, mtandikie. Nami nitakuja, usiogope, sitakuaibisha. Nitampokea mzigo, nitamwambia shikamoo na nitamnawisha mikono, kwa sababu ndivyo ulivyonilea. Lakini akianza kuzungumzia msamaha, muulize mbele yangu kama amekwenda Kibokoni kuuomba kwa Bi Shamsa. Muulize, Mama, halafu umwangalie usoni anavyojibu.

Mwanao anayekupenda, na ambaye hasira hazijamwisha,

Zaituni